Mhariri, ondoeni hilo tangazo la kurudisha kripto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yenu ya barua, na kama barua ni ndefu kateni mnapotaka ila msikate hapa mwanzo na kule mwisho ninapoongelea tangazo, maana ndo lililonikalisha chini niandike. Kwenye ukurasa wenu wa matangazo madogomadogo, wiki ya tatu sasa mfululizo, kuna kiboksi kimeandikwa eti umeibiwa kripto? tunarudisha ndani ya saa 48, alafu namba ya simu chini. Kripto ni zile sarafu za mtandaoni. Mimi ni mtu niliyeibiwa. Hicho kiboksi kimewekwa pale kwa ajili yangu na wenzangu, na naomba mkiondoe.

Ngoja nieleze kuanzia mwanzo kwa sababu najua kuna msomaji ameshaanza kusema aah, hao wa kripto waache wapigwe, tamaa zao hizo. Sikuwa na tamaa yoyote, sikuahidiwa faida na mtu. Nafanya kazi za kompyuta kwa wateja walio mbali, wengine wananilipa kwa USDT, zile sarafu zinazofuata thamani ya dola, basi zikiingia naziacha kwenye pochi kwenye simu na nikiwa na shida nauza kidogo. Ndo ilikuwa akiba yangu hiyo. USDT 3,140 na ether, sarafu ya mtandao wa Ethereum, karibu nusu, 0.46 ukitaka hesabu kamili. Kuna watu hiyo ni hela ya wikiendi, kwangu ni mwaka na zaidi wa kulala saa nane usiku.

Siku yenyewe ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nimeamka kwenda chooni, nikashika simu kwa mazoea tu kama mtu anavyopapasa mfuko kuona funguo zipo. Nikafungua ile apu. Sifuri. Siyo kwamba imegoma au inazunguka, imeandika sifuri nukta sifuri sifuri kwa utulivu kabisa kama ndo ilivyokuwa siku zote. Nikasema huu ni mtandao tu. Nikazima data nikawasha, nikazima simu yote, wakati inawaka nimekaa pembeni ya kitanda nasubiri, nikafungua tena, sifuri ileile. Hapo ndo nikagusa sehemu ya historia na pale juu kuna miamala mitatu yenye kale kamshale ka kutuma, na mimi sijatuma kitu. Saa nane na dakika 11 usiku. Saa nane na 12. Saa nane na 15. Dakika nne tu kazi imeisha, na simu muda wote huo ilikuwa chini ya mto wangu inachaji.

Sikumwamsha mke wangu. Nilirudi kitandani nikajifunika nikajifanya nimelala, na ilinichukua siku tisa kumwambia. Hizi siku tisa mziweke akilini kwa sababu ndani yake ndo niliibiwa mara ya pili.

Asubuhi nikampigia mtoto wa dada yangu, kijana anaelewa haya mambo kuliko mimi. Nilidhani ataniuliza ni kiasi gani, yeye akauliza, "Mjomba, ether yenyewe imeondoka au ni USDT peke yake?" Nikamwambia vyote. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza saa hiyo nilikuwa nafanya nini, nikamwambia nimelala. "Basi mjomba maneno yako 12 wanayo. Usiweke kitu humo tena, hata senti."

Baadaye akanielewesha na mimi nawaeleza wasomaji maana sijaliona kwenye gazeti hata siku moja. Kuna wizi ambao unaingia kwenye tovuti feki, unabonyeza kukubali, na kumbe umempa mtu ruhusa ya kuchota tokeni ya aina fulani, labda USDT, na akiamua anachota zote hata baada ya mwezi. Huo ukiwahi unaweza kuifuta ile ruhusa na vingine vikabaki. Lakini ether yenyewe haichotwi kwa ruhusa ya namna hiyo, kwa kawaida kila inapotoka lazima isainiwe na ufunguo wa pochi, sasa ikitoka wewe umelala maana yake kuna mwingine ana ufunguo wako, na pochi yote imekwisha, haibadilishwi nywila kama baruapepe. Unafungua nyingine na ile ya zamani unaiacha kama nyumba ambayo mwizi ana ufunguo na kitasa hakibadilishiki.

Hayo maneno 12 nitayasema kidogo kwa asiyejua. Unapofungua pochi inakupa maneno 12 au 24 ya Kiingereza ya kawaida kabisa, yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyowekwa mwaka 2013 na pochi nyingi zinaitumia hadi leo. Mwenye hayo maneno kwa mpangilio wake ndo mwenye ufunguo, na ndo mwenye hela, basi, hakuna cha kitambulisho wala sura. Na hayabahatishiki, hata ukusanye kompyuta zote ulizowahi kuziona huwezi kukaa ukayakisia ukayapata. Kwa hiyo pale watu wanaponiambia blokcheni, lile daftari la wazi linaloandika miamala yote, imedukuliwa nasema hapana, blokcheni haikuguswa na mtu. Mimi ndo nilidukuliwa.

Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ya daftari kama walivyoelekeza. Nikaiweka kwenye droo. Siku moja nakuta mtoto kaitoa kachora kuku nyuma yake na kalamu ya wino, mguu wa kuku umetokeza upande wa pili umelifuta nusu neno la tisa. Nikashtuka, nikaona hii karatasi itakuja kupotea nibaki sina kitu, nikaipiga picha. Picha moja tu, na kidole gumba changu kinaonekana pembeni. Simu yangu ina ule utaratibu wa kupandisha picha zote zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, ile inayofunguliwa na baruapepe, na nywila ya baruapepe ilikuwa ileile ninayotumia kila mahali tangu nianze kutumia intaneti. Nilipoenda kuangalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yangu nikakuta kimoja sikijui, kimeingia siku mbili kabla.

Alafu nikafanya jaribio ambalo mpaka leo likinijia nakosa raha. Ile hifadhi ya picha ina sehemu ya kutafuta. Nina picha maelfu humo, harusi, risiti, watoto, mvua. Nikaandika neno la kwanza kati ya yale 12, moja tu. Haikufika sekunde mbili, ikanileta karatasi yangu, na kidole gumba changu, na mguu wa kuku. Inasoma maandishi ndani ya picha yenyewe. Mwizi hakuhitaji ujanja wowote. Na siyo lazima hata aingie kwenye akaunti, Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa taarifa ya kirusi walichokiita SparkCat, kilijificha ndani ya apu zilizokuwepo kwenye maduka rasmi ya apu, yote mawili, la Google na la Apple, kazi yake ni kupekua picha za simu yako kutafuta hayohayo maneno. Yani unaruhusu apu ione picha zako kwa ajili ya jambo dogo tu, huku nyuma inasoma karatasi yako.

Mpwa wangu alishaniambia nisiweke kitu. Mimi nikaweka. Kulikuwa na tokeni kidogo nilizozifungia zizae, bado hazijaguswa, na kuzitoa inabidi kuwe na ether ya kulipia gesi, yaani ada ya muamala, ndani ya pochi hiyohiyo. Nikaona mwizi kasahau, nimuwahi. Nikanunua ether 0.01 kwenye akaunti nyingine nikatuma, nimekaa kidole kipo juu ya kitufe cha kutoa. Ethereum inatoa bloku, yaani fungu la miamala iliyopitishwa, kila sekunde 12. Ether yangu ikaingia, nikaiona, 0.01 imeandikwa pale, nikabonyeza, ikanijibu salio halitoshi. Ilishaondoka. Bloku iliyofuata tu. Kumbe wezi wanaacha programu inaivizia pochi usiku na mchana, chochote kikitua inakifagia, binadamu huwezi kushindana nayo kwa kidole. Kuna watu wanajua kuziokoa tokeni za namna hiyo kwa kufunga miamala yote pamoja ipite kwa mkupuo ndani ya bloku moja lakini mimi nilikuwa sijui na nilikuwa na haraka, na ukiwa na haraka kwenye haya mambo umeshapigwa.

Kuhusu hela zenyewe, hapa ndo pagumu kumweleza mtu. Hazijapotea. Gazeti lenu huwa mnaandika "zimepotea" na kila nikisoma nasema siyo, zipo, naziona. Kila kitu kiko wazi, unachukua namba ya muamala unaingia kwenye tovuti yoyote ya kukagua miamala ya Ethereum unaona hela ilipoenda. USDT hazikukaa hata dakika kumi, alizibadilisha kuwa ether chapchap, kwa sababu Tether wanaozitoa USDT wana uwezo wa kuifunga anwani, wakiifunga zile USDT hazisogei tena, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo kama mtu ataibiwa USDT leo na akaamka zikiwa bado ni USDT, hayo masaa ndo ya kukimbia polisi na kuandika kila mahali, siyo ya kurudi kulala kama mimi. Ether haina wa kuifunga. Zangu zote ziko kwenye anwani moja ndefu inayoishia na 7c3e, zimelala hapo, hazijasogea. Kila asubuhi nafungua naangalia. Nilipomwonyesha mke wangu akaiangalia ile skrini muda mrefu akaniuliza, "Kwa hiyo huyu mwizi tunamwona, tunaona na hela alipoiweka, ila hatumjui?" Nikamwambia ndo hivyo. Akasema bora angevunja dirisha.

Kaka yangu mkubwa yeye alikuja na hoja yake, kasikia mahali kwamba Ethereum waliwahi kurudisha hela zilizoibiwa, kwa nini nisiwaandikie. Ni kweli waliwahi. Juni 2016 kwenye mfuko ulioitwa The DAO ziliondoka ether milioni 3.6, na mwezi uliofuata wengi wakakubaliana kuibadilisha blokcheni yenyewe ili zirudi, waliokataa wakabaki na ya zamani ambayo ndo inaitwa Ethereum Classic mpaka leo. Sasa ilibidi dunia nzima ya Ethereum igawanyike vipande viwili kwa ajili ya hizo milioni. Kwa 0.46 yangu nadhani watanishauri nimwombe Mungu.

Polisi nilienda. Wengine huwa wanawacheka ila mimi sitawacheka, yule wa dawati alinisikiliza, aliniuliza hela ilikuwa benki gani, nikamwambia siyo benki, akaandika "siyo benki", tukaenda hivyohivyo mpaka mwisho na nikatoka na namba ya kumbukumbu. Na hiyo namba ina kazi, msiidharau. Soko la kubadilishia kripto likipelekewa ombi la polisi linaweza kuizuia akaunti ambayo hela imeingia, lakini mimi nikiwaandikia tu jamani nimeibiwa, wanajuaje kama siyo mimi ndo mwizi?

Sasa narudi kwenye zile siku tisa, na kwenye tangazo lenu.

Siku ya tatu niliandika mtandaoni nikiomba ushauri, bila jina. Nadhani hazikupita dakika tano inboksi ikaanza kuita. Mmoja alipigwa kama mimi na kuna mtu alimsaidia, mtu mwema sana, huyu hapa. Mwingine akaja kuniambia yule wa kwanza ni tapeli, wa kweli ni huyu. Mwingine wakili, ana cheti, kanitumia picha ya cheti, kina muhuri mwekundu na jina la idara ya serikali ya Marekani na tahajia mbili zimekosewa. Nilikuwa siwezi kumwambia mtu yeyote nyumbani, nakula siongei, na hawa watu walikuwa wananiuliza umeamkaje leo. Huyu wa cheti kila asubuhi ananiuliza nimelala? Nimekula? Mtu hajawahi kuibiwa anaweza kunicheka, ila wewe kaa na siri ya namna hiyo siku tano uone kama hutampenda anayekuuliza kama umekula.

Akanipa linki ya "mfumo wao". Nikaingia, nakuta jina langu, na chini yake 3,140 imewekewa tiki ya kijani, imepatikana, inasubiri kuachiliwa. Nilitetemeka. Ila kuna ada ya kuachilia, USDT 160, haiwezi kukatwa mlemle kwenye 3,140, nilimuuliza kwa nini, akanijibu ndo sheria za blokcheni zilivyo. Blokcheni haina sheria kama hiyo. Na mimi nilishakuwa najua haina, maana mpwa wangu alinieleza yote hayo, na anwani ya 7c3e nilikuwa nimeifungua asubuhi ileile nikaona hela hazijasogea. Nilijua na nikatuma. Nilimdanganya kaka kwamba kompyuta imeharibika akanikopesha, nikatuma. Kesho yake tiki ya kijani ikawa ya njano, kuna kodi ya asilimia kumi. Hapo ndo nikamwambia mke wangu yote, ya kwanza na ya pili, na ile ya kwanza ndo ilikuwa rahisi kusema.

Hawa watu siyo wapya. FBI walitoa onyo mwaka 2023 kuhusu kampuni zinazodai zinarudisha kripto, zinachukua ada ya mwanzo alafu ama zinapotea ama zinaomba nyingine. Na hela inayorudi kweli, angalieni inavyorudi. Bitfinex, soko la kripto, waliibiwa Agosti 2016, bitcoin 119,756. Wamarekani walikuja kukamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo Februari 2022. Hesabuni wenyewe, miaka mitano na nusu, na ni serikali ile, ina mahakama, ina hati za upekuzi, na hawakuivunja blokcheni kwa uchawi wowote, walipata faili lenye funguo za siri ambalo mhusika alilihifadhi kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Nilicheka peke yangu niliposoma hilo. Yani na yeye na mabilioni yote yale kaponzwa na kosa lilelile la kwangu. Sasa wao miaka mitano na nusu, huyu wa kiboksi chenu saa 48.

Mhariri, nyie ule wizi wa soko la kripto la Bybit wa Februari 2025, ile dola bilioni moja na nusu ambayo FBI walisema ni kazi ya Korea Kaskazini, mliuweka ukurasa wa mbele na picha kubwa, nakumbuka. Mliandika vizuri. Ila msomaji wenu haibiwi na Korea Kaskazini, anaibiwa picha ya karatasi yake, na akishaibiwa anafungua gazeti analoliamini analikuta lile kiboksi, na kwa sababu liko ndani ya gazeti anaona hawa siyo kama wale wa inboksi, hawa wamepitiwa na mhariri. Najua mtasema tangazo ni la mtangazaji na gazeti halihusiki, hayo maneno yapo chini ya ukurasa kwa herufi ndogo nimeyasoma. Lakini hela ya lile tangazo mmeipokea nyie.

Jana jioni niliipigia hiyo namba ili nisije kumsingizia mtu. Akapokea haraka, sauti ya upole, "pole sana kaka yangu", akaniuliza imeondoka kiasi gani na lini, nikamtajia. Akasema inarudi hiyo, siyo kesi ngumu. "We nitumie tu yale maneno yako 12 vijana waanze kazi." Nikamwambia mbona pochi ile imeshafagiwa, haina kitu, maneno yake ya nini? Akafikiria kidogo. Akasema basi kama nina pochi nyingine nitume ya hiyo.

Ni ukurasa wa 19, safu ya pili, chini ya tangazo la magodoro.

Msomaji wenu,
jina langu mnalo, naomba msilichapishe, kaka bado hajajua kuhusu kompyuta.